Volti Tatu Zilizopotelea kwenye Kopo la Soda

Gari lenyewe ni Toyota Probox, mchomoko unaopakia abiria na magunia kati ya Litumbandyosi na Mbinga mjini. Betri ilikuwa mpya, nailoni ya dukani bado imeng'ang'ania ubavuni. Lakini asubuhi ukipiga stata inagonga ka-ka-ka na injini haizunguki. Likikubali kuwaka, sailensi inapanda na kushuka, na mguu ukitoka kwenye mafuta linazima. Njiani, kila gurudumu likiingia shimoni taa za mbele zinapepesa na dashibodi inafifia. Taa ya cheki injini imewaka na haizimi. Yote hayo yalianza siku ile ile betri ilipobadilishwa. Ile ya zamani, pamoja na uchovu wake, haikuwahi kuyaleta.

Kijiweni hukumu ilikuwa imeshatolewa: altaneta. Ikanunuliwa ya mtumba, ikafungwa, gari likabaki na ugonjwa wake. Nayachambua yaliyofuata kwa sababu yalifanyika chini ya mti, kwa mita ya mkononi ya bei ndogo na spana namba 10, bila mashine ya kusoma kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kilichookoa kazi ni mpangilio wa vipimo.

Fundi aliyeitwa ni kijana aliyepitia VETA Songea. Dereva alimpokea kwa utetezi: "Kijana wangu, betri usiiguse, ni mpya, risiti hii hapa." Akajibiwa kwa upole: "Sawa mzee. Tuiache ilipo, tupime tu umeme wake unafika wapi."

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha kawaida, mita kwenye vichwa vya betri huku gari limezimwa, nayo ikasoma volti 12.6. Betri ya risasi na asidi ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1 kikiwa kimejaa, kwa hiyo 12.6 ni betri iliyojaa. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekaribia kulala. Wengi huishia hapo, wakarudisha mita begini na kuanza kuilaumu stata. Shida ni kwamba kipimo hicho huchukuliwa wakati hakuna kazi. Mita huvuta umeme mdogo mno, na umeme wa kiasi hicho unapita popote: kwenye kutu, kwenye uzi mmoja wa waya uliosalia, kwenye taminali iliyolegea. Stata ya Probox inataka zaidi ya ampea mia moja kwa mkupuo. Njia inayoitosha mita haiitoshi stata.

Kipimo cha pili ndicho kilichomaliza ubishi, na ningependa msomaji aangalie ncha za mita ziliwekwa wapi. Moja ilikandamizwa kwenye kichwa chenyewe cha betri, risasi tupu, upande wa chanya. Ya pili iliwekwa kwenye taminali, kile kibano cha waya kinachokizunguka kichwa hicho. Kutoka ncha hadi ncha hapafiki sentimita moja. Gari likiwa kimya mita ilisoma sifuri, kama inavyopaswa. Dereva akaambiwa apige stata. Namba zikacheza, zikagusa 3.1.

Kiungo kizuri hakitakiwi kula zaidi ya volti 0.1 au 0.2 stata ikivuta. Hiki kilikula tatu na ushee. Zidisha volti tatu kwa ampea 100 upate wati 300 zinazogeuka joto palepale, ndiyo maana kidole kilichogusa taminali hiyo kiliondolewa haraka. Asiye na mita anaweza kukitegemea kidole hicho hicho. Apige stata kwa sekunde chache, kisha aguse taminali zote mbili na nati inayofunga athi kwenye bodi na kwenye injini. Palipopata moto kuliko pengine ndipo pa kufungua kwanza.

Ule mlio wa ka-ka-ka nao ukaeleweka. Sumaku ya stata inahitaji umeme mdogo ili ivute. Ikivuta inafunga njia kubwa, stata inadai ampea zake, volti zinaporomoka kwenye kiungo kibovu, sumaku inaachia. Ikiachia, volti zinarudi, inavuta tena, mara kadhaa kwa sekunde moja. Stata nzima kabisa itagonga hivyo ikinyimwa umeme, na nashuku stata nyingi zinazofunguliwa zikabadilishwa brashi huku kwetu hazikuwa na kosa lolote.

Taminali ikafunguliwa. Kati yake na kichwa cha betri palikuwa na kipande cha kopo la soda kilichokatwa kwa mkasi, kikakunjwa mara mbili, kikazungushwa ili taminali ipate cha kubana. Kinang'aa, na mtu yeyote angedhani bati ni bati, umeme utapita. Kumbe kopo la soda haliko tupu hata upande mmoja. Ndani limepakwa utando mwembamba wa plastiki ili soda, ambayo ni chachu, isile bati. Nje lina rangi na vanishi. Umeme wa gari zima ulikuwa unajipenyeza kwenye kingo zilizokatwa na kwenye mikwaruzo ya nati. Gari likitikisika mikwaruzo inahama, na hapo ndipo taa zinapopepesa.

Asubuhi kuwa mbaya kuliko mchana si jambo la ajabu kwa njia hizi. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Umatengo vinapanda kupita mita 1,500. Gari linaloshusha mzigo Lituhi kwenye joto la ufukweni, kesho yake likaamshwa Mbinga kwenye baridi ya Juni au Julai, linaidai betri ile ile kazi mbili tofauti. Baridi inaifanya oili kuwa nzito na inapunguza nguvu ya betri kwa wakati mmoja. Kiungo kinachovumilika saa nane mchana hakivumiliki saa kumi na moja alfajiri.

Kopo liliingiaje? Vichwa vya betri mpya vilikuwa vyembamba kuliko taminali, na hili ni jambo ambalo duka lingeweza kulisema kwa sentensi moja. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kule kuna vichwa vya saizi mbili. Kichwa chembamba cha chanya kina milimita 14.7 kwenye shina. Kinene kina 19.5. Katika saizi zote mbili hasi huwa chembamba kidogo kuliko chanya, makusudi, ili anayetaka kugeuza waya akutane na ugumu. Betri iliyoandikwa NS60L ina vichwa vyembamba, NS60LS ina vinene: tofauti ya karibu milimita tano imekaa kwenye herufi moja ya mwisho. Hiyo L nayo ina kazi yake. Ukisimama upande vilipo vichwa, L inamaanisha chanya iko kulia kwako. Isipokuwepo, iko kushoto. Kwenye mtindo wa majina kama 55B24L, ile 24 ni urefu wa betri kwa sentimita, B ni daraja la upana na kimo, na 55 ni kiwango cha nguvu. Watengenezaji wa nchi nyingine hawaheshimu herufi hizi sikuzote, kwa hiyo macho yapite kwenye vichwa vyenyewe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Probox hii mmiliki wa nyuma aliwahi kuifunga taminali nene za dukani, betri ya sasa ikawa ya vichwa vyembamba. Dawa yake ni taminali nyembamba, au kofia za risasi zinazovishwa juu ya kichwa. Vyote viwili vilikuwa vya kufuatwa mjini. Kwa siku hiyo fundi alimenya waya mnene wa shaba, akafungua nyuzi zake, akazizungusha safu kwa safu kwenye kichwa kilichosuguliwa kwa msasa, kisha akakaza taminali mpaka haigeuki kwa mkono. Kipimo kikarudiwa pale pale, stata ikivuta, kikasoma 0.12. Ni tiba ya muda, kwa sababu shaba ikikutana na mvuke wa asidi huota ule unga wa kijani, lakini injini ilizunguka kwa mara ya kwanza bila kusitasita.

Upande wa hasi haukurukwa. Wengi hupima chanya tu, wakati umeme wote uliotoka lazima urudi, na unarudi kupitia bodi, waya wa athi na nati yenye kutu ambayo haijaguswa tangu gari literemke melini. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, stata ikivuta: ikizidi volti 0.3, fungua athi, sugua, funga.

Taa zikaacha kupepesa. Sailensi ikabaki vile vile, na hapa fundi asiye na subira angerudi kwenye altaneta.

Kontroli boksi hujifunza. Miezi inavyokwenda, masizi yanajikusanya kwenye throto, tundu la hewa linazidi kuwa dogo, na kompyuta inalifungua kidogo zaidi ili injini isizime. Dereva haoni chochote. Siku betri ikichomolewa, kumbukumbu hiyo inafutika na kompyuta inarudi kwenye namba za kiwandani, namba zilizopangwa kwa throto safi. Hewa inakuwa haba, gari linazima kwenye sailensi. Kwenye Probox hii mambo yalikuwa mabaya zaidi: kila stata ilipovuta kupitia lile kopo, volti za kontroli boksi ziliporomoka, kwa hiyo kidogo ilichojifunza jana kilikuwa kinafutika leo. Ndiyo maana hata siku kadhaa za safari hazikulituliza.

Throto ikafunguliwa na kusafishwa kwa spreyi na kitambaa; kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami. Kisha gari likawashwa bila taa, bila redio, bila feni, likaachwa lipate joto lake bila mtu kukanyaga mafuta. Baadaye vikawashwa kimoja kimoja, kompyuta ipate kuzoea kila mzigo. Baada ya mzunguko mfupi barabarani sailensi ikakaa. Taa ya cheki injini ilizimika yenyewe safari chache baadaye. Zile hitilafu zilizoiwasha zilikuwa za volti ndogo, na volti zilikuwa zimesharudi.

Sasa turudi kwenye altaneta, maana ndiko pesa ilikokwenda bure. Ushahidi uliotumika kuitia hatiani ni ule mtindo wa zamani: injini ikiwa inawaka, fundi anachomoa taminali ya betri, likizima, altaneta haifui umeme. Mtindo huo ulikuwa na maana enzi za Land Rover na Peugeot 504 zenye platini, ambako hapakuwa na kompyuta ya kuunguza. Kwenye gari la leo ni uharibifu, na sioni sababu ya kuusema kwa lugha laini. Altaneta inayosukuma umeme kwenda kwenye betri, ghafla ikikosa pa kuupeleka, huruka hadi makumi ya volti kabla haijajizuia, na hizo volti zinakwenda kwenye kontroli boksi, redio na taa. Kingine, gari lenye throto chafu na kumbukumbu iliyofutika linazima kirahisi hata kama altaneta ni nzima. Jaribio lenyewe lingetoa hukumu ileile hata kwa altaneta iliyotoka kiwandani jana.

Namna ya kuipima ni nyepesi. Injini ikiwa inawaka, pima nyuma ya altaneta kwenye nati ya waya mnene, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Altaneta nzima ya gari dogo hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikitoa 14.2 nyuma yake lakini betri ikapata 13.1, umeme unapotelea njiani na altaneta haina hatia. Ile ya asili ya Probox ilirudishwa mahali pake, ikapimwa hivyo, ikasoma 14.2 nyuma na 14.1 kwenye betri. Ya mtumba imebaki nyumbani kwa dereva. Aliyeiuza hakutaka kusikia habari ya kuirudisha.

Kuna makosa mawili ambayo Probox hii iliyakwepa lakini magari mengine hayakuyakwepa, nayo huzaliwa dakika ile ile ya kubadilisha betri. La kwanza ni kugeuza waya. Ukinunua betri ambayo chanya iko upande usio wake, waya haufiki, giza limeingia, mtu anafunga kila waya kwenye kichwa unachokifikia. Cheche kubwa, kisha gari linakuwa limekufa nusu: honi inalia na taa za mbele zinawaka, lakini dashibodi, feni na vioo kimya. Kwenye Toyota nyingi hiyo ni dalili ya fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT, ya ampea 100 au 120, iliyokazwa kwa skrubu ndani ya boksi la fyuzi kwenye injini. Betri ikigeuzwa, dayodi za altaneta zinapitisha umeme wote moja kwa moja, na fyuzi hiyo inajitoa mhanga ili dayodi zisiungue. Haichomoki kwa kuvutwa. Anayeing'ang'ania kwa koleo huvunja boksi zima. Na anayeiunganisha kwa kipande cha waya anaondoa kinga pekee iliyobaki kati ya betri na moto.

La pili ni redio. Zile redio zenye ramani zilizokuja na magari kutoka Japani, mfano NSZT-W60 ya Toyota, zikikosa umeme hujifunga. Skrini inaandika Kijapani na kudai kadi ya ramani au namba ya siri, na wapo mafundi mjini ambao riziki yao ni kuzifungua tu. Anayetaka kuepuka hilo huunganisha betri nyingine ya volti 12 sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kabla ya kutoa ya zamani. Ni kazi ya kufanywa polepole, kwa sababu waya wa chanya unabaki hai mkononi wakati wote. Nje ya hapo utaratibu haubadiliki: unapotoa anza na hasi, unaporudisha malizia na hasi. Spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kinachotokea. Ikigusa bodi wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, spana inakuwa waya wa shoti wa mamia ya ampea, na hewa inayotoka kwenye betri iliyotoka kuchajiwa ina haidrojeni.

Lilibaki swali ambalo hakuna aliyelikumbuka, kwa nini ile betri ya kwanza ilikufa. Dereva alisema ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kitu, na kwa gari linalotembea kila siku huo ni umri mdogo. Fundi akafungua hasi, mita akaiweka katikati ya kichwa na waya ili umeme wote upite ndani yake, kwenye tundu la ampea 10. Milango ikafungwa, funguo zikatolewa, akasubiri vifaa vilale. Gari la namna hii likilala huvuta miliampea 20 hadi 50. Hili lilikuwa linavuta 480.

Karibu nusu ampea, usiku na mchana. Betri ya ampea-saa 40 kwa mwendo huo inakauka kwa takriban saa 80, na haiwezi kupiga stata muda mrefu kabla ya hapo. Kwa gari lisilolala siku mbili bila kazi dereva hagundui. Anaona tu kwamba Jumatatu ni nzito baada ya Jumapili ya mapumziko. Betri inaishi bila kujaa, sahani za risasi zinaota salfeti inayogoma kurudi kwenye asidi, na ndani ya mwaka imekwisha.

Fyuzi zikachomolewa moja moja, mita ikiangaliwa. Kwenye fyuzi ya redio namba ikaanguka hadi 30. Aliyefunga amplifaya ya spika za nyuma alichukua umeme wa waya mwekundu usiozimika, na waya mwembamba wa kuiamsha akauunga hapo hapo, kwa hiyo ilikuwa macho hata mlango ukiwa umefungwa na dereva amelala. Waya huo mmoja ukahamishiwa kwenye ule unaokufa funguo zikitoka, ukafungwa kwa gundi ya umeme, fyuzi ikarudishwa. Mita ikasoma 34. Taminali nyembamba zikaagizwa kwa dereva wa basi la Songea, pamoja na fyuzi ya akiba ya ampea 10 kwa ajili ya mita.